Nilivyolalamikia karatasi kuwa ya njano

Mimi nakusanya kurasa za magazeti ya zamani ya mbio za baiskeli, ugonjwa ulinianza na majarida ya miaka ya 1950, zile picha za Coppi na Bartali, wale waendesha baiskeli wa Italia, wanapanda mlima wamekunja sura. Nikasoma sana habari za kutunza karatasi, kwamba hizi za bei chee zinatokana na mbao zilizosagwa, ukiziacha kwenye mwanga zinageuka njano. Basi nikajiona profesa.

Siku hiyo nikaagiza ukurasa wa L'Auto, lile gazeti la Ufaransa lililoanzisha mbio za Tour de France mwaka 1903. Nafungua bahasha, lahaula, njano! Na sio njano ya pembeni tu, njano mwanzo mwisho utadhani karatasi imelazwa kwenye bizari. Damu ikanichemka. Nikaiweka pembeni ya karatasi nyeupe ya printa, nikapiga picha, nikaanza kuzungushia duara jekundu pale palipoharibika, duara likazidi kupanuka, mwisho wake limezunguka ukurasa mzima na kipande cha meza. Nikatuma na meseji ndefu kama wosia, namfundisha muuzaji kutunza karatasi, nataka hela yangu yote irudi, na nikamalizia kwamba amebahatika kukutana na mtu mstaarabu kama mimi.

Akajibu kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. Eti ndugu mteja, L'Auto lilichapishwa kwenye karatasi ya njano toka mwanzo, maana mpinzani wake Le Vélo alikuwa wa kijani. Halafu akaniuliza, ile jezi ya njano anayovaa kiongozi wa Tour tangu 1919 nilidhani rangi yake imetoka wapi?

Jezi ninayo. Nilikuwa nimeivaa wakati nasoma hiyo meseji.

Nikamwomba radhi, nikamwambia nilikuwa namtania tu (hakuamini, akaniwekea kidole gumba basi). Akaongeza kwamba kama napenda karatasi za rangi nitafute La Gazzetta dello Sport, gazeti la Italia lililoanzisha Giro, mbio zao za baiskeli za kuzunguka Italia, mwaka 1909, hilo ni la pinki.

Pinki?

Aisee nilitoka mbio mpaka kwenye kabati la viatu. Maana mwaka jana niliwahi kuletewa ukurasa wa pinki wa Kiitaliano, nikasema huu umefuliwa na shati jekundu, nikautandika chini ya raba zangu zenye tope.

Coppi yumo. Kabakia kuanzia kiunoni kushuka chini.