Kazi Kwanza, Shahada ya Pili Baadaye

Wadogo zetu wanaomaliza vyuo vikuu nyumbani huniuliza swali moja kwa namna nyingi: je, waanze kutafuta kazi Tanzania, au waunganishe moja kwa moja shahada ya uzamili huku Ulaya kabla akili haijapoa? Mimi ni mhandisi wa maji. Nilisomea shahada ya kwanza Dar es Salaam, nikafanya kazi miaka michache katika miradi ya maji vijijini mkoani Morogoro, kisha nikaja Dresden, mashariki mwa Ujerumani, kusoma uzamili na baadaye kuajiriwa hapahapa. Jibu langu huwa haliwafurahishi wengi wao, kwa kuwa ninawaambia kwamba kwa walio wengi ni afadhali kushika kazi nyumbani kwanza, hata kama ujira ni mdogo, ndipo wahame kwa ajili ya masomo. Sisemi hivyo kwa kutaka kuwazuia wengine wasipite njia niliyopita mimi. Nasema kwa sababu ya yale ninayoyaona yakipimwa huku mtu anapoomba ufadhili, anapoomba kibali, na anapoomba kazi.

Najua wanakokimbia. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilibidi iwafanyie usaili waombaji zaidi ya 10,000 ndani ya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, na nafasi zilizokuwa zikigombewa zilikuwa 70. Picha za vijana waliojaa majukwaani wakiwa na kalamu na bahasha zilizunguka nchi nzima, na kila aliyekuwa chuoni wakati ule alijiona humo. Tangu hapo maombi mengi ya kazi za serikali yamehamia mtandaoni kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo msongamano hauonekani tena kwa macho, lakini anayeitwa kwenye usaili Dodoma kwa nauli ya kukopa anajua kwamba haujaisha. Upande wa sekta binafsi nako kuna ile desturi ya kujitolea, ambapo mhitimu hufanya kazi ya mwajiriwa kwa nauli na chakula cha mchana, mwaka mzima wakati mwingine, akiahidiwa mkataba usiofika. Katika hali hiyo, barua ya kukubaliwa na chuo cha ng'ambo huonekana kuwa mlango pekee uliobaki wazi, na mzazi akiisikia hufurahi kuliko hata angesikia habari ya ajira.

Hata hivyo, fikra kwamba shahada ya pili itaziba pengo la kutowahi kufanya kazi haina msingi, na ushahidi uko katika masharti ya watoa ufadhili wenyewe. Shirika la ubadilishanaji wa kitaaluma la Ujerumani, DAAD, lina mpango wa masomo ya uzamili yanayohusiana na maendeleo, ambao kwa miaka mingi umewalea Watanzania na Wakenya wengi, na mpango huo humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza nao unataka miaka miwili, ikihesabiwa kuwa saa 2,800. Sheria ya Ujerumani ya kuvutia wataalamu, katika sehemu zake zilizoanza kutumika Machi 2024, inamruhusu mtu mwenye shahada inayotambuliwa nchini kwake na uzoefu wa miaka miwili kuja kufanya kazi katika fani nyingi, mradi mshahara anaoahidiwa ufikie kiwango kilichowekwa. Kwa maneno mengine, kijana anayekimbilia huku akiwa na cheti kitupu anaiacha nyumbani ile miaka miwili ambayo huku ndiyo ingemfungulia milango.

Kisha kuna suala la fedha, ambalo nadhani halizungumzwi kwa uwazi wa kutosha katika familia zetu. Watu husema Ujerumani elimu ni bure, na ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini kabla ya viza, mwanafunzi asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu mwaka mzima, na kwa kawaida huziweka katika akaunti maalumu ambayo humfungulia kiasi fulani tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango hicho ni euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi, na kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni 30. Familia ya kawaida haina fedha hiyo benki. Inauza kiwanja, inakopa kwenye vikoba, inachangisha ukoo mzima kana kwamba kuna harusi, na kijana anapanda ndege akiwa na deni la watu ishirini ambao hakuna hata mmoja aliyeandikiana naye.

Akishafika, deni hilo humwamulia kazi ya kufanya. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, kwa hiyo hatalala njaa. Tatizo ni aina ya kazi anayoipata. Ofisi za wahandisi hapa huajiri wanafunzi kwa saa chache kila wiki, zikawapa michoro, vipimo na hesabu za kweli, na mara nyingi mwanafunzi wa namna hiyo ndiye anayebakizwa baada ya kuhitimu. Ofisi hizo hazikuulizi chuo chako kina sifa gani kwanza. Hukuuliza umewahi kufanya nini. Aliyewahi kusimamia uchimbaji wa mtaro na ulazaji wa mabomba ana jambo la kueleza. Asiye nalo huishia kwenye ghala la vifurushi au jikoni mwa mgahawa, usiku, na asubuhi anasinzia darasani. Kazi ya ghala si aibu, na nimewaona watu wakisomesha wadogo zao kwa kazi hiyo, lakini miaka miwili ya kupanga vifurushi haiingii popote katika wasifu wa mhandisi.

Nikilinganisha mianzo miwili ya kazi, wa nyumbani na wa huku, siwezi kusema mmoja unaushinda mwingine kwa kila kitu. Hapa anayeanza kazi hupewa mkataba kabla hajakanyaga ofisini, kipindi chake cha matazamio kwa kawaida ni miezi sita, likizo yake inalindwa na sheria, na kila mwezi hupata hati inayoonyesha makato ya kodi, bima ya afya na pensheni hadi senti ya mwisho. Hakuna anayemwambia kwamba mshahara umechelewa kwa sababu mteja hajalipa. Heshima hiyo ya mkataba naitamani sana kwetu, na sioni sababu yoyote ya kiuchumi inayomfanya mwajiri wa Dar es Salaam ashindwe kumwandikia mhitimu karatasi mbili zinazoeleza atalipwa nini na lini.

Lakini wajibu ambao kijana wa miaka 25 hupewa nyumbani, huku angeusubiri muda mrefu. Kampuni ndogo ya ukandarasi iliyoniajiri Morogoro ililipa kwa kusuasua, tena ikanipeleka vijijini huko Kilosa peke yangu nikiwa na fundi mkuu aliyenizidi umri mara mbili, na nikatakiwa kuamua mambo. Kituo cha kuchotea maji kikae wapi, wakati wazee wa vitongoji viwili wanavutana? Pampu imeungua kwa sababu umeme unapanda na kushuka, je, tununue nyingine ya aina ileile? Kamati ya maji inakusanya fedha za ndoo, lakini nani anazihifadhi? Huku mtu wa umri ule angekuwa ofisini akichora sehemu ya mchoro ambao mwingine ataukagua na mwingine tena atautia saini, na huenda asiwaone kamwe watu watakaokunywa maji hayo. Nilipokaa darasani Dresden na mhadhiri akaeleza kwa nini miradi ya maji vijijini hufa miaka michache baada ya kuzinduliwa, wenzangu waliotoka moja kwa moja chuoni waliandika. Mimi nilibishana naye, kwa adabu, kwa sababu baadhi ya sababu alizozitaja nilizijua kwa majina ya vijiji.

Kwa fani yangu kuna jambo jingine ambalo wahitimu wengi hawalipi uzito. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, maarufu kwa kifupi chake cha SEAP, ambao humtoa mtu kutoka mhandisi mhitimu hadi mhandisi mtaalamu, akiwa chini ya mhandisi mwandamizi anayekagua na kutia saini taarifa za kazi zake. Aliyeondoka siku chache baada ya mahafali, akasoma miaka miwili na nusu, akarudi na shahada ya uzamili, bado atasimama kwenye mstari wa wahitimu pamoja na wadogo zake waliomaliza mwaka jana. Wenzake wa darasa moja, ambao yeye aliwaona kama wameachwa nyuma, watakuwa tayari na mihuri yao. Nadhani mambo ya namna hiyo yapo pia kwa wahasibu na wanasheria, kwa vile fani zao nazo zina bodi na mitihani ya nyumbani isiyofanyika kwa niaba yako Ulaya.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, akitoka Makerere, alifundisha kwanza Tabora, na ni mwaka 1949 ndipo alipokwenda Edinburgh kwa masomo zaidi. Aliporudi alifundisha Pugu. Simtaji kama kigezo cha kila mtu, ila nakumbusha tu kwamba utaratibu wa kufanya kazi kidogo kabla ya kusafiri si uvumbuzi wangu.

Wanaonipinga wana hoja moja ambayo naikubali karibu yote. Nyumbani, mshahara wa kwanza huzaa wategemezi. Mwezi wa tatu unalipa ada ya mdogo wako, mwezi wa sita unaezeka nyumba ya bibi, na ukifika mwaka wa nne kuondoka kunaonekana kama kutelekeza watu. Ongeza hapo makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na utaona kwa nini wengi wanaosema watasoma baadaye hawasomi kabisa. Masharti ya huku nayo hayasubiri milele: mpango ule wa DAAD kwa kawaida hutaka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita, na bima ya afya ya bei nafuu ya wanafunzi wa Ujerumani hukoma mtu anapofikisha miaka 30. Kwa hiyo ninaposema kazi kwanza, nakusudia kati ya mwaka wa pili na wa nne baada ya kuhitimu, na familia iambiwe tangu mshahara wa kwanza kwamba kuna safari mbele. Ukiificha ili usionekane mbinafsi, itakuwia vigumu zaidi kuitaja kadiri siku zinavyokwenda.

Miaka hiyo ya kazi pia ndiyo nafasi ya kujifunza Kijerumani, na Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, iko Dar es Salaam kwa anayeweza kuifikia. Masomo ya uzamili unaweza kuyamaliza kwa Kiingereza bila shida, kisha ukapewa kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na shahada yako, halafu ukagundua kwamba ofisi za wahandisi zinaandika, zinabishana na kutaniana kwa Kijerumani. Miezi 18 ni michache mno kwa mtu anayeanza kujifunza salamu.

Wapo wasiohusika na ushauri huu. Anayepata ufadhili kamili usiodai uzoefu, na aende, kwa sababu fursa ya namna hiyo haina uhakika wa kurudi. Anayesomea sayansi ambayo maabara zake hazipo nyumbani, au aliyekwisha kubakizwa chuoni ili afundishe na chuo kinamtuma, huyo safari yake ni sehemu ya kazi. Wengine wote, ikiwa mmekwisha kuamua kuja mara tu baada ya mahafali, basi angalau jisajilini na bodi ya fani yenu kabla ya kuondoka, ombeni barua za kweli kutoka mahali mlipofanyia mafunzo kwa vitendo, na nendeni Bodi ya Mikopo mkapange jinsi mtakavyolipa mkiwa nje, kwa kuwa deni lile haliulizi unaishi nchi gani.