Kilo za koti

Tangu Januari wifi yangu kaacha soda, kaacha chapati, na kila alfajiri anatembea kutoka Ilomba hadi Mwanjelwa na kurudi, hata Julai hii ambapo baridi ya Mbeya inauma masikio. Mwezi wa kwanza alipungua kilo 3. Baada ya hapo, kimya. Juzi alipanda mizani ya kijana anayepima uzito kando ya soko kwa shilingi 200: kilo 84. Akashuka, akavua koti, akalipa tena: 83. "Koti ndilo mafanikio yangu," akasema, na wala hakucheka.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka anasema mkewe anakula kuliko anavyosema. Mama anasema mwili ni wa kuzaliwa nao, mtu asisumbuliwe.

Kaka ana ushahidi. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu waliolalamika kwamba wanakula kidogo sana na hawapungui. Miili yao ilikuwa ikichoma nishati kama kawaida, ila walichoandika kuwa wamekula kilikuwa karibu nusu tu ya walichokula kweli. Sidhani walikuwa waongo. Jumapili nilisimama jikoni kwa wifi akiunga maharage, nikamwomba amimine mafuta ya alizeti kwenye kijiko cha chakula kabla ya kuyatia sufuriani. Vilifika vijiko 6. Kila kijiko ni kama kalori 120, na chungu kile ni cha watu wanne, kwa hiyo kila mmoja alipata kalori 180 za mafuta peke yake, kabla hujagusa wali. Pembeni kulikuwa na parachichi la Rungwe, kubwa kama ngumi mbili, ambalo halihesabiwi na yeyote kwa sababu "hilo ni la afya". Ni la afya kweli. Lakini gramu 100 zake zina kalori zipatazo 160.

Hapo kaka angeshinda, kama mambo yangeishia jikoni.

Mwili ukipungua, unaanza kubana matumizi, kama mama mwenye nyumba mwishoni mwa mwezi. Utafiti uliotoka mwaka 2016 uliwafuatilia washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka 6 baada ya shindano, miili yao ikiwa imepumzika ilichoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hao walipungua kwa kasi kubwa mno, siyo kilo 3, lakini njia ni ileile.

Na kutembea? Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Wataalamu bado wanabishana kwa nini. Mimi nilichoka kwa niaba ya wifi.

Kuna jambo jingine ambalo kaka halijui, na si lake kulitangaza: sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Nimemwambia wifi akaulize kliniki kama ana chaguo lingine, asiiache tu kimyakimya.

Kwa hiyo hesabu ya kaka ni sahihi. Anachokosea ni kuigeuza kuwa hukumu ya tabia ya mkewe. Mama naye ana huruma, lakini huruma yake inaacha vile vijiko 6 vya mafuta palepale. Nami nadhani sote tumeipa mizani mamlaka mno. Presha ya wifi, iliyokuwa 150 kwa 95 mwezi Januari, wiki iliyopita ilisoma 132 kwa 84 bila dawa yoyote, na fundi wake wa Soweto amepunguza kiuno cha sketi ya kitenge kwa vidole viwili.

Kijiko sasa kinakaa juu ya chupa ya mafuta. Kaka analalamika maharage hayana ladha.