Kiraka kwa barua pepe: mzigo humwangukia anayepokea

Kila mtandao unaposumbua, miongoni mwa wasanidi programu hapa Dodoma hurudi hoja ileile: kwa nini tusitumiane viraka vya msimbo, yaani mafaili madogo yanayoonyesha mistari ya programu iliyobadilishwa, kwa barua pepe, kama wanavyofanya watu wa mfumo endeshi wa Linux, badala ya kutegemea jukwaa la mtandaoni ambalo halifunguki mpaka mtandao uwe mzima? Hoja hiyo ilipata nguvu Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Wanaoipinga hujibu kwamba huko ni kurudi nyuma miaka ishirini, kwamba kijana aliyezoea kubofya kitufe hawezi kulazimishwa kujifunza amri za skrini nyeusi ili tu arekebishe mistari minne.

Nimewasikiliza wote wawili mara nyingi, na naona wanabishana juu ya mtu mmoja tu, yule anayetuma. Barua pepe inamfaa au haimfai, inamlia bando au inamwokolea. Yule anayepokea kiraka, anayekiingiza kwenye ripo (hifadhi ya msimbo wa mradi) na kubeba matokeo yake, hatajwi. Kwangu mimi hoja nzima inaamuliwa kwake.

Tutazame kitu chenyewe kwanza. Chukulia msanidi yuko kwenye kituo cha afya huko Kondoa vijijini, anasimika mfumo wa kusajili wagonjwa. Anaona mtoto wa wiki tatu anaandikwa ana umri wa miaka sifuri, na muuguzi anakosa pa kuandika wiki. Anarekebisha mistari minne, anaandika komiti (badiliko lililorekodiwa pamoja na maelezo yake) kwa Git, programu inayotunza historia ya msimbo, kisha anatoa amri ya `git format-patch -1`. Linatoka faili moja la kilobaiti chache. Ukilifungua kwa kihariri cha kawaida unakuta maandishi yanayosomeka: jina na anwani ya mwandishi, tarehe, mada inayoanza na [PATCH], maelezo ya kwa nini badiliko limefanyika, vistari vitatu, kisha mistari iliyoondolewa ikiwa na alama ya kutoa na iliyoongezwa ikiwa na alama ya kujumlisha. Mstari wa kwanza kabisa hubeba tarehe ya 17 Septemba 2001, siku zote hiyohiyo, hata kama komiti imeandikwa leo asubuhi. Ni alama tu ya kutambulisha kuwa faili limetoka kwenye amri hiyo. Tarehe ya kweli imeandikwa chini yake.

Mpokeaji akiwa mjini anatoa amri ya `git am`. Amri hiyo inasoma barua, inamtoa mwandishi kwenye mstari wa mtumaji, inageuza mada na maelezo kuwa ujumbe wa komiti, inabadilisha mafaili yanayohusika na kuandika komiti mpya. Git hutunza majina mawili kwa kila komiti: aliyeandika na aliyeingiza. Kwa hiyo mtu wa Kondoa anabaki kuwa mwandishi kwenye historia ya mradi, hata kama hakuwahi kuigusa seva.

Hilo si jambo dogo, hasa ukilinganisha na kinachofanyika kwenye timu nyingi ndogo. Mtu aliye mkoani anabana folda nzima, anaituma WhatsApp, na aliye ofisini anaibandika juu ya folda yake. Kazi ya mwenzake wa tatu aliyerekebisha jana inafutika bila yeyote kujua, na jina la aliyeandika linapotea. Mbele ya tabia hiyo, kiraka kinashinda bila mjadala. Ubishi unaanza tunapokilinganisha na jukwaa lenye maombi ya kuunganisha, ambako mtu anaomba badiliko lake liingizwe kwenye msimbo mkuu, iwe GitHub, GitLab au mengine ya aina hiyo.

Hoja ya bando, inayotajwa kuliko zote, naiona dhaifu. Ukisukuma tawi lako (mstari wako wa kazi) kwenda kwenye seva kwa `git push`, Git inatuma kile tu ambacho seva haina, tena kikiwa kimebanwa. Badiliko la mistari minne ni dogo huku na huku. Kinachokula MB ni kurasa za jukwaa lenyewe, na mara ya kwanza kuteremsha ripo nzima, jambo ambalo hata mtumaji wa viraka hawezi kulikwepa. Aidha, mjini Dodoma Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita, na ofisi nyingi hazina shida hiyo.

Faida ya kweli iko kwenye kusoma. Barua ikishateremka kwenye laptopu, mkaguzi anaweza kukaa nayo umeme ukiwa umekatika na mnara umezima, akasoma mstari kwa mstari na kuandika majibu chini ya kila mstari anaoutilia shaka. Majibu yanaondoka mtandao ukirudi. Kwenye jukwaa, mazungumzo yako kwenye seva. Bila mtandao unabaki na msimbo bila maneno ya watu kuuhusu. Na maneno hayo ni nusu ya thamani. Anayeurithi mfumo miaka mitano baadaye hatafuti mstari uliobadilika, kwani huo anao. Anatafuta sababu.

Kuna pia suala la nani anayamiliki maneno hayo. GitHub ilianza mwaka 2008, na Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Mwaka 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, wasanidi wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa huduma kadhaa za jukwaa hilo. Tanzania haimo kwenye vikwazo hivyo, ila somo ni kwamba uamuzi haukuwa wa wasanidi wenyewe. Barua pepe haina mwenye nyumba mmoja. Hapa naafikiana na watetezi wake, isipokuwa kwenye hitimisho lao, kwa sababu timu inayotaka uhuru huo inaweza pia kuweka programu ya jukwaa kama Forgejo au GitLab kwenye seva yake na kubaki na vitufe vyake vyote.

Sasa twende kwa anayepokea.

Kiraka hufika kikiwa kimeharibika mara nyingi kuliko watetezi wake wanavyokiri. Gmail ya kwenye kivinjari hugeuza tabo kuwa nafasi na kukata mistari mirefu. Nyaraka za Linux zenyewe zinawaonya watu wasiitumie kutuma viraka. Anayenakili kiraka na kukibandika kwenye mwili wa barua haoni tofauti yoyote kwa macho. Tofauti inaonekana upande wa pili: `git am` inasimama katikati na kusema kiraka hakiingii. Mpokeaji hana njia rahisi ya kujua kama kosa ni la nafasi, la mistari iliyokatika, au msimbo wake umeshabadilika tangu mwenzake aanze kazi. Akiongeza `--3way`, Git hujaribu kutafuta matoleo ya mafaili ambayo kiraka kilijengwa juu yake, lakini inafaulu tu kama matoleo hayo anayo kwenye mashine yake. Ikishindikana, anatoa `git am --abort`, anarudi alipokuwa, na kumwandikia mtu wa Kondoa atume upya. Mtu wa Kondoa atauona ujumbe huo akipata mtandao.

Kikiingia salama bado kazi ipo. Jukwaa lililopangwa vizuri linaendesha majaribio ya msimbo lenyewe ombi linapofika. Kwenye barua pepe mpokeaji anayaendesha kwa mkono, au hayaendeshi. Viraka vikija kwa mfululizo, cha kwanza kati ya vitatu, cha pili kati ya vitatu, lazima aviingize kwa mpangilio. Likija toleo la pili, lazima akumbuke asiingize la kwanza. Na komiti ikishaingizwa hupata kitambulisho kipya, kwa kuwa jina la aliyeingiza na muda vimebadilika. Saini ya kidijitali ya mwandishi, kama ilikuwepo kwenye komiti yake, haisafiri na kiraka. Kwa hiyo aliyetuma ana komiti yake, ripo kuu ina nyingine yenye maudhui yaleyale. Mara nyingi `git rebase`, amri ya kuhamishia kazi yako juu ya historia mpya, hutambua kuwa badiliko ni lilelile na kuliruka. Lakini asiyejua hilo hufanya muunganisho juu ya muunganisho, na historia inachafuka.

Kubwa zaidi ya yote ni sanduku la barua. Kwenye timu zetu ndogo mpokeaji ni mtu mmoja, na sanduku ni lake binafsi. Akienda semina Arusha wiki mbili, viraka vinalala. Akihama ofisi, vinahama naye. Hakuna anayeweza kufungua ukurasa na kuona ni mabadiliko mangapi yanasubiri na tangu lini.

Watu wa Linux waliupitia mkasa huu wakiwa na watu wengi kuliko sisi. Programu ya `patch` ya Larry Wall ipo tangu 1985, na kwa miaka mingi Linux ilikua kwa viraka vya barua pepe vilivyoelekezwa kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 malalamiko yalikuwa makubwa: viraka vinapotea, watu wanatuma kilekile tena na tena. Mwaka 2002 walihamia BitKeeper, programu ya kampuni ya kutunza historia ya msimbo, na ruhusa ya kuitumia bure ilipoondolewa, Torvalds akaandika Git, Aprili 2005. Leo kila toleo la Linux, linalotoka baada ya wiki 9 au 10, hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000, na barua pepe bado ni mlango mkuu wa kuyaleta. Lakini mabadiliko hayo hupita kwanza kwa watunzaji wa sehemu mbalimbali, ambao ndio wanaoviingiza viraka, na Torvalds kwa kawaida huchukua matawi yaliyokwisha kuandaliwa na watu anaowaamini. Kuna hifadhi ya wazi ya barua zote, na zana kama `b4` ya kukusanya mfululizo kutoka kwenye hifadhi hiyo. Timu ya watu wanne Dodoma inayosema inafuata utaratibu wa Linux, huku haina watunzaji, hifadhi wala zana hizo, imechukua upande wa kutuma peke yake.

Usalama nautaja kwa ufupi, kwa sababu hauamui upande wowote. Jina la mtumaji kwenye barua linaweza kughushiwa, na `git am` inaliamini. Lakini hata kwenye jukwaa jina la mwandishi ndani ya komiti ni maandishi tu. Mwaka 2021 watunzaji wa Linux walikizuia Chuo Kikuu cha Minnesota kuchangia baada ya watafiti wake kutuma kwa makusudi viraka vyenye kasoro ili kuupima ukaguzi. Kinga ni macho ya anayesoma. Ila kwa wanaoshughulika na mifumo ya afya, barua ina hatari yake ya ziada: faili la majaribio lenye majina ya wagonjwa halisi likishatumwa limeingia kwenye masanduku ya watu, na taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Pamoja na yote hayo, kuna kitu nakipenda kwenye kiraka na sitaki kipotee. Kinamlazimu mwandishi kueleza. Barua yenye mada ya "marekebisho" na mwili mtupu inaaibisha kwa namna ambayo ombi tupu kwenye jukwaa haliaibishi, kwa sababu hakuna kingine cha kutazama. Kinamlazimu pia kugawa kazi vipandevipande, kwa kuwa hakuna anayesoma barua ya mistari elfu mbili. Kwa sababu hiyo ningependa mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) afundishwe `git format-patch` na `git am` kabla hajaonyeshwa kitufe cha kuunganisha. Akielewa komiti inavyofunguka kuwa maandishi na kurudi kuwa komiti, hatababaika na mgongano wowote wa mabadiliko baadaye, popote atakapofanya kazi.

Kwa kazi ya kila siku, timu iliyo kwenye jengo moja Dodoma itumie jukwaa, ikiwezekana kwenye seva yake. Mpokeaji anahitaji foleni inayoonekana na majaribio yanayojiendesha kuliko mtumaji anavyohitaji barua. Anayetaka kuchangia Linux, hifadhidata ya PostgreSQL au Git yenyewe afuate utaratibu wa wenyeji, kwa sababu wapokeaji wa huko wamejipanga kwa barua.

Kiraka kibaki kwa mtu wa pembezoni, aliye Kondoa, Mpwapwa au Bahi siku ambayo seva haifikiki. Na hapo hata barua pepe si lazima. `git am` haiulizi faili lilisafirije. Likija kama kiambatisho, kama dokumenti ya WhatsApp au kwenye flashi, linaingia vilevile, mradi halikubandikwa kama maandishi ya kawaida. Komiti zikiwa nyingi, `git bundle` huzifunga zote kwenye faili moja, vitambulisho na saini zikiwa kama zilivyo. Viraka viende kwenye anwani ya timu, inayosomwa na angalau watu wawili. Mtumaji aongeze `--base`, ili kiraka kitaje komiti kilichojengwa juu yake na mpokeaji asibahatishe. Na mpokeaji akishaingiza, amjibu mwenzake kwa kitambulisho kipya cha komiti, ili naye akipata mtandao afanye `git fetch` (kuteremsha yaliyo mapya) na kuachana na nakala yake ya zamani kabla ya kuanza kazi nyingine.