Vema nyekundu kwenye jibu la kukosa

Daftari la hisabati la binti yangu, darasa la tano katika shule ya serikali hapa Tanzania, lina swali hili: 402 kutoa 178. Kaandika 376. Ukilitazama jibu unaona kabisa alivyofanya: kila safu katoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Nne toa moja, tatu. Saba toa sifuri, saba. Nane toa mbili, sita. Hajui kukopa. Maswali matano yanayofuata kayakosea vilevile, na yote yamepigwa vema kwa wino mwekundu. Chini: "Vizuri, ongeza bidii."

Damu ilinichemka. Nikawasimulia wazazi wenzangu, nao wakanijibu kwa wimbo ule ule: elimu imekufa, zamani ukimaliza la saba ulikuwa mtu. Hilo la zamani tunalisema kirahisi mno.

Zamani ipi? Enzi za middle school, yaani shule za kati za darasa la tano hadi la nane, aliyeanguka mtihani wa darasa la nne alirudi nyumbani, basi. Waliobaki ndio tunaowakumbuka kwa mwandiko mzuri na tebo za kichwani. Walioachwa njiani hawamo hata kwenye picha za shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasukuma elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika 1977 mpango huo, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, ukawa wa nchi nzima. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza la saba wafundishwe ualimu harakaharaka. Kilio cha viwango kushuka kilikuwepo tangu hapo. "Mwalimu wa UPE" likawa neno la kudhihaki. Na wengi wanaoililia zamani leo (mimi nikiwemo) tulishikwa mkono na walimu hao hao.

Kwa hiyo wanaoitetea shule ya serikali wana hoja nzito. Ada ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Shule inayopokea kila mtoto haiwezi kuwa na wastani wa shule iliyokuwa ikichuja. Mtoto ambaye angekuwa machungani sasa yumo darasani, anasoma polepole, na wastani unashuka kwa sababu yuko ndani. Huko siwezi kukuita kuporomoka.

Ila hoja hiyo haifiki kwenye ile vema. Mwaka 2012 iligundulika kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Hao walikuwa wameshafaulu, kwa karatasi. Mwaka huo huo mtihani wa la saba ukageuzwa kuwa wa kuchagua jibu na kusiliba ili mashine isahihishe, hadi hisabati. Maswali machache ya kukokotoa yalirudishwa baadaye. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya 2012: karibu asilimia 60 walipata daraja sifuri. Serikali ikayafuta, ikayapanga upya kwa viwango vingine, na maelfu wakaamka wamefaulu. Watoto walikuwa wale wale, na walichokijua ni kile kile.

Hapo ndipo ninapokubaliana na wenye hasira. Kama watoto wa leo wanajua kidogo kuliko wa mwaka 1985 sina kipimo. Ninachokiona ni alama isiyosema kweli, kuanzia daftari la binti yangu hadi cheti.

Nilikwenda shuleni nikiwa nimejiandaa kugomba. Mwalimu akanionyesha rundo la madaftari: darasa lake lina watoto 118, wakati kiwango tulichozoea kusikia ni 45. Piga hesabu. Dakika moja kwa kila daftari ni karibu saa mbili, na ana masomo matatu. "Mzazi," akasema, "mthibiti ubora akija anaangalia kama kazi zimesahihishwa. Hakai kukokotoa."

Hakunishawishi kabisa. Kosa la aina moja likijirudia darasa zima, linafundishika ubaoni kwa kipindi kimoja, madaftari yakisubiri. Lakini nami nilikuwa na la kujibu: ilikuwa Juni, na ndiyo mara ya kwanza mwaka huo nalifungua lile daftari. Tuliposikia elimu bila malipo, wengi wetu tulisikia elimu bila mzazi. Wenye sauti zaidi, wakiwemo maofisa na walimu wenyewe, walishahamishia watoto wao inglishi midiamu, kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi ajenda ni madawati.

Nikamwomba jambo moja: asichokisoma asikipige vema, akiache wazi.

"Nikiacha wazi nitaulizwa mimi."

Tukavutana, tukaishia kwenye nukta. Swali ambalo hakulipitia analiwekea nukta nyekundu. Mkaguzi ataona wino, mimi nitajua kazi ni yangu usiku huo. Wiki hii daftari limerudi na nukta kumi na moja na vema mbili. Nimezikokotoa zile mbili mwenyewe. Ni sahihi.