Maji ya kisima, kulanti na ubishi wa gereji

Fundi alifungua mfuniko wa rejeta ya Toyota IST, akachovya kidole, akatuonyesha. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. "Unatia maji gani, bosi?" Mwenye gari akajibu bila wasiwasi: ya kisima, pale pale nyumbani Mbezi. Dereva wa daladala aliyekuwa akisubiri zamu yake akadakia kwamba yeye tangu ashike usukani hajawahi kununua kulanti, ile dawa ya kupoozea injini inayotiwa kwenye rejeta, na injini bado inapiga kazi. Ubishi ukaanzia hapo.

Nianze na dereva, maana hoja yake hupuuzwa kabla hajaimaliza. Maji peke yake yanabeba joto vizuri zaidi kuliko maji yaliyochanganywa na glikoli, ambayo ndiyo kiini cha kulanti nyingi. Kinga ya kulanti dhidi ya kuganda nayo haitusaidii kitu: mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar es Salaam haitaiona. Kwenye kuchemka, mchanganyiko huo unaongeza kama nyuzi 7 tu juu ya 100. Mfuniko wa rejeta, kwa kushikilia presha ya takriban baa 1.1, unaongeza kama nyuzi 20. Kwa hiyo mwenye mfuniko uliochoka mpira anapoteza kinga kubwa kuliko anayopata kwa kununua kulanti, na mfuniko hakuna anayeuuliza. (Wa Nairobi wausikilize zaidi: kule juu maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi.)

Mpaka hapo dereva anashinda. Anaposhindwa ni kwenye kilichomo ndani ya maji.

Angalia birika la nyumbani kwako lililochemshia maji ya chumvi mwaka mzima. Ule ukoko mweupe ndio unaojijenga ndani ya njia nyembamba za rejeta, na joto halipiti vizuri kwenye ukoko. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hiyo inaitafuna alumini. Injini za zamani za chuma zilivumilia, zikatoa kutu na kuendelea. Injini ya IST ni ya alumini, bloku na silinda hedi. Ikilika pale gasketi (kizibo cha kati ya bloku na hedi) inapokaa, hesabu yake haifanani tena na bei ya galoni la kulanti. Kazi kubwa ya kulanti huku kwetu, basi, ni zile dawa za kuzuia kutu zilizomo ndani yake.

Na hapa mafundi nao wana lao. Gari likichemsha, wengine wanang'oa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa, wakisema nchi za joto haihitajiki. Injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba.

Kuna pia kulanti ambayo ni maji tu yaliyotiwa rangi ya kijani. Hiyo naiona mbaya kuliko maji safi, kwa sababu mwenye gari anaondoka akiamini amekingwa. Kama unashuku, weka kiasi kidogo kwenye chupa yenye kifuniko, iandike jina, uiache kwenye friza usiku kucha, mbali na watoto, maana glikoli ina utamu na ni sumu. Iliyochanganywa nusu kwa nusu haitaganda. Ikiwa barafu ngumu, huenda umeuziwa rangi. Ila friza haikwambii lolote kuhusu dawa za kutu.

Rangi yenyewe isikudanganye; hakuna sheria inayolazimisha pinki ya kampuni moja iwe sawa na pinki ya nyingine. Ile ya pinki ya Toyota huja imeshachanganywa, na hukaa hadi kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000, mradi usiizimue kwa maji ya ndoo. Ile nzito isiyochanganywa usiitie tupu. Inabeba joto vibaya.

Mimi kwa injini ya alumini ningetia kulanti, ile nzito nikiichanganya kwa maji yaliyosafishwa, yale ya betri (uliza vizuri dukani usije ukapewa asidi), au ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa. Njiani gari likikauka, tia maji yoyote injini ikishapoa, ufike, halafu umwage. Lakini anayeongeza maji kila asubuhi, awe wa kisima au wa kulanti, hajafika bado kwenye swali hili; kwanza atafute yanakopotelea.

Mwenye IST aliuliza bei, akaguna. Fundi hakumjibu. Alikuwa ameshalala chini ya gari, tochi mdomoni, akiutazama mchirizi mweupe wa chumvi ulioteremka kutoka kwenye wota pampu hadi boliti ya chini.