Namba mgongoni: huku Marekani ni ya mtu, Kigoma ni ya kazi

Muulize kijana wa Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, "Unacheza namba ngapi?" Hatakutajia jezi, atakutajia kazi yake uwanjani. Mbili ni beki wa kulia, tatu wa kushoto, sita anakaba, tisa anafunga. Huku Marekani mtoto anajaza fomu ya timu na kuomba namba yake mwenyewe: tarehe aliyozaliwa, namba aliyovaa mama yake shuleni, umri aliofariki nao kaka yake. 42 ya Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja ubaguzi katika besiboli, ilistaafishwa na ligi kuu nzima ya mchezo huo mwaka 1997, yaani hapewi tena mchezaji mpya, ila huvaliwa na wote kila Aprili 15 kumkumbuka.

Kwetu ndiko tulikobaki karibu na chanzo cha soka. Fainali ya Kombe la FA mwaka 1933, Everton walivaa 1 hadi 11 na Manchester City 12 hadi 22, mtazamaji ajue nani yuko wapi. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kumpa mchezaji namba ya msimu mzima na jina mgongoni mwaka 1993 tu. Kwa hiyo anayesema vijana wa nyumbani hawajui maana ya namba anakosea. Maana wanayo, tena inamfundisha mtoto wajibu kabla ya umaarufu.

Ninachokipinga ni jezi 11 kwa timu nzima. Anayetoka anamvulia anayeingia, na hapo mwamuzi anapotea: kadi ya njano ameiandika kwa namba 6, na namba 6 sasa ni mtu mwingine.

Ndugu wa ughaibuni mnaotuma jezi, tumeni 18, msitume 11. Msiweke majina, maana mchezaji akihama jezi inakufa naye. Tena seti za dukani hufunga namba na saizi; winga mdogo anajikuta ndani ya jezi yenye ukubwa wa kipa. Afadhali jezi tupu za saizi mchanganyiko, na namba za kubandika zije kando, za mgongoni ziwe na urefu wa sentimita 25 hivi. Tumeni 1, 6 na 9 za ziada, maana 1 inarudi kila namba kuanzia 10 hadi 18, na 6 ikigeuzwa ni 9.

Kubandika kwa pasi ya mkaa kunawezekana. Tandika jezi juu ya meza ngumu, kamwe si godoro, kwa sababu mgandamizo ukipotea kingo hazishiki. Pasha kitambaa kwanza, kiishe unyevu. Weka namba, funika kwa kitambaa chembamba cha pamba, kandamiza sekunde 15 bila kuburuza, kisha sogea sehemu inayofuata. Pasi ikiwa kali mno poliesta inang'aa na kusinyaa. Kwenye jezi nyekundu rangi hupanda juu, na namba nyeupe inageuka ya waridi. Jaribuni kwanza ndani ya pindo la chini. Karatasi ya juu ibanduliwe ikiwa ya moto au imepoa, kulingana na maelekezo yaliyokuja nayo. Msifue kabla ya saa 24. Baada ya hapo geuzeni ndani nje, maji baridi, bila dawa ya kung'arishia, na muanike kivulini.

Na katibu awe na daftari: msimu, namba, jina la aliyeivaa. Timu iliyofiwa na mchezaji haiwezi kustaafisha jezi moja kati ya 18. Inaweza kuwapa wazazi wake ile jezi aliyoivaa, kisha ikabandika namba ile ile kwenye jezi mpya.