Mafuta ya upako: shida ni chupa au ni sisi?

Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika viwanja vya Majengo, Moshi, waumini walipogombania kukanyaga mafuta ya upako. Msiba ule uliwapa nguvu wanaosema mafuta, maji na stika za mitume, yaani wahubiri wa leo wanaojiita hivyo, ni ibada ya sanamu, basi.

Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Yakobo 5:14 inaagiza mgonjwa apakwe mafuta. Katika Matendo 19:12, leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Mkatoliki ana maji ya baraka na rozari, Mlutheri ana mkate na divai. Mkristo gani basi atasema Mungu hatumii vitu?

Ila kuna nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu (Hesabu 21), na walioumwa na nyoka wakimtazama walipona. Vizazi vingi baadaye watu walikuwa wanamfukizia uvumba, mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Huyu hakuwa mungu wa wapagani. Alikuwa na ushuhuda, tena wa kweli, na nadhani ndiyo maana kumwacha kulikuwa kugumu. Hata leo, dukani kichupa kinakaa karibu na droo ya hela, stika ya mtumishi imebandikwa juu yake. Muulize mwenye duka Jumapili walisoma andiko gani. Atakusimulia habari za mtumishi mpaka chenji yako isahaulike.

Wazee wa makanisa makongwe wasicheke mapema, maana kikombe cha Babu mwaka 2011, ile dawa ya mitishamba watu waliyoinywa wakiamini inaponya, hakikutoka kwa walokole. Babu mwenyewe, Ambilikile Mwasapila, alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri. Kijijini Samunge, Loliondo, mkoani Arusha, alitoza shilingi 500 kwa kikombe, na foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita. Wakubwa na wadogo walikunywa. Wako wagonjwa walioacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na hilo siwezi kulipamba kwa jina la imani.

Kwa hiyo kwangu kipimo si kitu chenyewe. Chupa ikidondoka usiku huu ikapasuka, mwenye nayo atasali na kulala, au atapanda basi alfajiri kufuata nyingine? Na daktari akimwandikia dawa, atameza?

Kuna upande mwingine ambao wakosoaji huuruka. Kwenye sharika nyingi ibada huisha kwa matangazo marefu, kisha mnada wa ndizi na kuku uwanjani. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa anapita katikati ya mnada, hakuna aliyemuuliza mtoto ana nini. Jioni akisikia kuna mahali wagonjwa wanaitwa mbele, ataenda, na mimi simlaumu. Yakobo, akiandika habari za mafuta, alisema waitwe wazee wa kanisa. Hakutaja mtume wala mkutano wa uwanjani. Kazi aliwapa haohao wanaosimamia mnada.